Sura ya Nne: Behewa Lisilo na Kosa

Mtu akiibiwa huonyesha pengo. Mzee Hatano Genzo alionyesha kitu kizima.

"Hilo hapo," alisema, kidole kikigonga kioo cha kabati. "Hilo ndilo lililoibwa."

Inspekta Ujike Masayo aliinama kutazama. Ndani ya kabati, juu ya kipande cha reli, lilikaa behewa la kulala la treni ya bluu ya zamani, limetengenezwa kwa shaba njano, urefu wake shibiri moja na vidole viwili. Lilikuwa na mapazia, vitanda vya ghorofa tatu, na ngazi nyembamba kama miguu ya mbu.

"Lililoibwa ndilo hili ninaloliona?"

"Hili la uongo. Langu limechukuliwa, hili likawekwa mahali pake."

Nyuma yao Sajenti Wakui alikohoa kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. Wakui alikuwa amemzidi Inspekta umri na kitambi, na alikuwa anakaribia kustaafu, kwa hiyo hakuogopa mtu. "Afande, kwa hiyo tunamtafuta mwizi anayeacha mali. Wa aina hiyo mtaani kwetu tunamwita shemeji."

"Samahani sana," alisema Natsue, binti wa mzee, huku akiinama kwa Inspekta, akainama kwa Sajenti, akataka kuinamia hata kabati. "Ameshawasumbua vya kutosha kule kibanda cha polisi. Baba, twende nyumbani. Tumalize kufungasha."

Kufungasha kwenyewe ndiko kulikomleta Ujike pale. Jumamosi gari la nyumba ya kulelea wazee lilikuwa linakuja kumchukua Mzee Hatano, na nyumba aliyopanga ingerudishwa kwa mwenye nyumba. Binti alikuwa ameshatia saini. Sababu ilikuwa moja: baba amekazana kwamba behewa lake si lake, na behewa kila mtu analiona. Kama kweli lilikuwa limebadilishwa, mzee ana akili timamu. Kama halikubadilishwa, Jumamosi si mbali.

"Inspekta, niruhusu niseme," alisema mtu wa tano mle ukumbini, mrefu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mgongo umenyooka kana kwamba bado amevaa sare. "Mimi ni Munakata, mwenyekiti wa Klabu ya Reli Ndogo hapa Moji. Kabla ya hapo nilikuwa kondakta wa treni za kulala, toka hapa mpaka Tokyo, ujana wangu wote uliishia humo. Na Gen ni rafiki yangu wa miaka arobaini. Behewa hili nalijua ndani na nje. Ndilo lilelile. Gen wetu amechoka kidogo tu."

"Sijachoka. Nimeibiwa."

Munakata alimshika rafiki yake kiwiko, taratibu, kama mtu anayemvusha kipofu barabara. "Unaona?" alimnong'oneza Inspekta.

Ujike alivaa glavu. "Funguo za kabati anazo nani?"

"Wawili," alisema Munakata. "Mimi na yeye. Lakini hapa klabuni, Inspekta, hakuna anayegusa behewa la mwenzake. Ni mwiko. Heri umvute mtu ndevu."

"Wewe umewahi kulishika?"

"Hata siku moja."

"Na kabati umelifungua lini mara ya mwisho?"

"Kwenye maonyesho, majani yanapukutika. Baada ya hapo tunalifunika kwa shuka mpaka baridi iishe."

Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Kioo hakikuwa na ufa. Ujike alilitoa behewa, akaliweka chini ya lenzi, akamulika paa kwa kurunzi. Kwenye matundu ya hewa hapakuwa na hata chembe ya vumbi.

"Mbona safi hivi? Kitu cha miaka mingi."

"Gen huliosha," alisema Munakata.

"Kwa brashi," alisema Hatano. "Brashi haimalizi vumbi la matunduni. Mwulize mtu yeyote mwenye meno."

Wakui alimtazama Inspekta na kuzungusha macho. Munakata akahema. "Kama kweli kuna mwizi, na sidhani, kuna Bwana Sugano wa Hiroshima. Mkusanyaji. Amelitamani behewa hili miaka na miaka. Ningeanza na huyo."

Sajenti alitoka nje na simu yake. Alirudi uso umemshuka. "Sugano amevunjika nyonga tangu mwaka mpya, Afande, yuko hospitali. Alipanda kiti kufuta vumbi treni zake, kiti kikamkataa. Ameniuliza kama behewa linauzwa."

Ujike aliwaomba wengine wakanywe chai chumba cha pili. Mlango ulipofungwa alivuta kiti, akaketi mbele ya mzee.

"Mzee Hatano, mimi treni hunilaza nikiwa bado kituoni. Nieleze kama mtoto. Umejuaje?"

"Ukicheka nakwenda zangu."

"Nimesomeshwa na matapeli, Mzee. Kicheko walinimalizia zamani."

Hatano aligeuza behewa, upande ambao siku zote ulielekea ukutani. Upande huo ulikuwa na korido ya kupitia abiria, na chini ya madirisha palikuwa na viti vidogo vya kukunja, vya mtu asiyepata usingizi. Vyote vilikuwa vimebanwa ukutani, wima.

"Kwenye langu, kimoja kiko chini. Hiki cha katikati. Nilikilehemu mwenyewe kikae chini daima. Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia, Inspekta, nusu ya mji huu wanatafunia kazi yangu. Nikilehemu kitu hakijikunji."

"Kwa nini kiwe chini?"

"Sumie alikaa hapo. Marehemu mke wangu. Hatukuwa tunajuana. Yeye hakupata usingizi, mimi haukunijia, basi akakaa, mimi nikasimama. Treni inaingia Moji, najua anachopenda na asichopenda, jina sijamwuliza."

"Nani mwingine anajua habari ya kiti?"

"Kabla ya hili, hakuna. Klabu hii ni ya wakosoaji, na mkubwa wao ni Munakata. Kondakta hakubali kiti kiachwe chini, angenisomea kanuni mpaka nilie. Basi upande huo nikauficha ukutani. Mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki Sumie, nalitoa, nakiangalia, narudisha. Mwaka huu nimelitoa, kiti kiko juu."

"Ukamwambia nani kwanza?"

"Munakata. Ningemwambia nani mwingine?" Mzee aliitazama mikono yake. "Nilimwambia kiti kilikuwa chini, ya kulehemu sikuyataja. Akasema, 'Gen, ulikikunja mwenyewe kabla hatujafunika kabati. Nilikuwepo. Umesahau?' Alisema kwa upole sana. Nikaenda nyumbani nikajaribu kukumbuka. Nilikaza, nikakaza. Nikakaribia kukumbuka."

Chumba cha jirani, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, kilikuwa na darasa la kupanga maua. Mwalimu wake, Bi. Ogata, alikuwa mwanamke mdogo mwenye mkasi mkubwa, na alizungumza bila kuacha kukata.

"Mwanangu, yule mzee wa watu nilimsikia kwa masikio yangu. Peke yake humo ndani, anaongea na treni!"

"Ulimwona?"

"Nimwone na ukuta niuweke wapi? Nilimsikia. 'Mapazia, sawa! Viti, sawa! Mlango, sawa!' Sauti kama ya mtu anayeamrisha jeshi. Mwanafunzi wangu akashtuka akakata shina zima, tukabaki na chombo na maji."

"Alisema viti? Una hakika?"

"Nina hakika maana nilikasirika. Viti vyote vya jengo hili siku hiyo nilikuwa navyo mimi. Nikasema, maskini, anakagua viti gani na hana hata kigoda?"

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Miti ya plamu, ile miplamu, imeanza kuchanua, baridi inaelekea kwisha. Mzee alikuwa hajaanza kwenda polisi." Alikata jani moja, akaliangalia, akalitupa. "Nikamweleza mwenyekiti, Bwana Munakata. Alisikitika, yule baba! Akaniomba nimwambie binti yake mzee, maana yeye kama rafiki ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia."

Ujike aliandika kila neno, akamsomea, akamwomba athibitishe. Bi. Ogata alithibitisha na kumpa tawi la plamu.

Karibu na kituo cha treni palikuwa na mkahawa wa wali wa kari uliookwa kwa jibini, na Wakui hakuwahi kupita pale bila kuingia. Alikuwa ameshavunja kiini cha yai alipofungua mdomo kwa kazi nyingine.

"Afande, tufunge. Sugano kalala hospitali, kufuli zima, na mzee anakagua viti visivyokuwepo. Tumwonee huruma tu."

"Kula. Wewe hufikiri vizuri mdomo ukiwa umejaa." Ujike alilaza tawi juu ya meza. "Sasa nijibu. Mzee analalamika kwamba kiti kimoja kinatakiwa kiwe chini. Je, angeviona vyote vimekunjwa, akatamka 'viti, sawa'?"

Kijiko cha Wakui kilisimama njiani. "Angesema si sawa. Angepiga kelele."

"Kwa hiyo aliyesema 'sawa' ni mtu ambaye kwake kiti kilichokunjwa ndicho sahihi. Na viti alivyokuwa anakagua havikuwa vya ukumbini. Vilikuwa ndani ya behewa. La pili: fundi wa meno amewahi kukunyooshea kidole kinywani akatamka 'jino, sawa'?"

"Ningemng'ata."

"Nani hunyoosha kidole na kutamka kila anachokikagua, hata akiwa peke yake, hata akiwa hataki kusikika?"

"Watu wa reli," alisema Wakui polepole. "Shemeji yangu alikuwa dereva wa treni. Mpaka leo akitoka chooni: 'Bomba, sawa! Taa, sawa!' Dada yangu anataka talaka." Akaweka kijiko chini kabisa, jambo ambalo Ujike hakuwa amewahi kuliona wali ukiwa bado sahanini. "Afande. Yule ni rafiki yake."

"Ndiyo maana alijua pa kumpiga."

Ijumaa mchana, mwenyekiti Munakata aliitwa ukumbini kwa simu ya heshima. Alimkuta Inspekta na Sajenti wake tu, behewa liko mezani juu ya kitambaa.

"Bwana Munakata, nisaidie. Kesho Mzee Hatano anachukuliwa. Nataka nifunge jalada nikiwa na hakika kwamba behewa hili halina kosa, na mimi ni mshamba wa treni. Unaweza kulikagua? Kama enzi zako, kabla ya kuondoka kituoni."

"Hilo tu?" Uso wa mzee ule ulichanua. Alitoa glavu nyeupe mfukoni, akazivaa kidole kwa kidole. Mgongo, uliokuwa umenyooka, ukanyooka zaidi. Alisogeza jicho kwenye madirisha ya behewa, akanyoosha mkono.

"Mapazia, sawa!" Sauti ilijaa ukumbi. "Ngazi, sawa! Viti, sawa! Mlango, sawa!"

Nyuma ya ukuta wa mbao kitu cha chuma kilianguka sakafuni.

"Huyo!" Ilikuwa sauti ya Bi. Ogata. "Ndiye huyo! Jamani, siku zote nimemsingizia mtu!"

Mlango wa kuteleza ulifunguka. Bi. Ogata alikuwa mbele bila mkasi wake. Nyuma yake alisimama Natsue, na nyuma ya Natsue, Mzee Hatano. Kidole cha Munakata kilikuwa bado hewani, hakina pa kwenda.

"Uliniambia hujafungua kabati tangu majani yapukutike," alisema Ujike. "Bi. Ogata amekusikia miplamu ikichanua."

"Mtu yeyote wa reli husema hivyo."

"Kwenye klabu hii mtu wa reli ni wewe peke yako. Wengine nimewauliza mmoja mmoja. Kuna mwokaji mikate, kuna daktari wa mifugo."

"Basi nilipita kuangalia. Mwenyekiti haruhusiwi kuangalia?"

"Anaruhusiwa. Ukaviangalia viti. Vilikuwa sawa?"

"Vyote."

"Mzee Hatano anasema kimoja kilikuwa chini. Alikilehemu chini kwa makusudi."

"Kwa makusudi?" Kwa mara ya kwanza tangu Ujike amfahamu, Munakata alishangaa kweli. "Haiwezekani! Nani anaacha kiti chini? Abiria atajikwaa gizani, atavunjika mguu. Kile kilikuwa kimepinda tu kwa..."

Kidole kikashuka.

"Kwa nini, Bwana Munakata?"

"Malizia tu, mzee wangu," alisema Wakui, bila utani safari hii. "Nusu imeshatoka. Ukiimeza nusu iliyobaki itakupalia."

Munakata alivua glavu moja. Nyingine ilimshinda.

"Kwa kuanguka," alisema. "Nilitaka kuona alivyolehemu ngazi. Miaka yote nilikuwa najiuliza anafanyaje, na kumwuliza nikaona aibu. Basi nikafungua kabati. Likaniponyoka. Sakafu hii ni ya saruji, Inspekta. Kona nzima ilibonyea. Nikalipeleka kwangu. Baridi yote nilikuwa natengeneza jipya, mpaka macho yakaniuma. Nilipokiona kile kiti nikadhani kimepinda kwa sababu yangu. Nikakirekebisha. Nikasema, likikamilika hatajua, na asipojua hataumia."

"Na alipojua?"

"Nilisema neno moja tu. Lilinitoka."

"Neno moja ulimwambia yeye. La pili ukamtuma Bi. Ogata. Na ile nyumba ya wazee, nani aliyemwonyesha Natsue?"

"Yeye," alisema Natsue. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alinipeleka kwa gari lake. Nilipotoka nalia, alinishika mkono. Akaniambia kumpeleka baba kule ndiyo heshima ya mwisho." Alimgeukia baba yake lakini hakuweza kumtazama usoni, akatazama vifungo vya shati lake. "Baba, nilimwamini yeye. Wewe ulikuwa unaniambia kila siku, nikamwamini yeye."

"Hata mimi," alisema Hatano.

Alitembea hadi mezani, akaliinua behewa la uongo karibu na jicho, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akigeuza meno ya watu.

"Ngazi umezilehemu vizuri," alisema mwishowe. "Vizuri kuliko zangu."

Munakata alipiga magoti. Mikono miwili sakafuni, mmoja na glavu, mmoja bila, paji la uso likagusa saruji. "Gen. Lile jingine lipo nyumbani, kila kipande, sijatupa hata kimoja. Nitakwenda mwenyewe kila nyumba niwaambie. Gen, ndugu yangu. Miaka arobaini. Nisamehe."

Hatano alilirudisha behewa juu ya kitambaa, akalinyoosha likae sawa na ukingo wa meza.

"Behewa ningelitengeneza," alisema. "Ungeniletea limebonyea, ningekutukana, tungekunywa, ningelitengeneza. Wewe mwenyewe ungenishikia taa."

Sajenti Wakui alitazama dirishani. Bi. Ogata alikuwa ameokota mkasi wake na hakujua aufanyie kazi gani.

Kazi ya polisi ina maswali yake, na Ujike aliyauliza, kwa sababu hakuna mwingine wa kuyauliza. "Mzee Hatano, mali ni yako, mlalamikaji ni wewe. Kama ni jambo la marafiki, mnaweza kulimaliza wenyewe, na mimi nikaondoka na kalamu yangu. Ukitaka sheria, naandika sasa hivi. Lakini lazima nianze na hili, na unijibu kwa kinywa chako." Alimwonyesha mtu aliyeinama sakafuni. "Unamfahamu mtu huyu?"

Mzee Hatano alimtazama Munakata, nywele zile nyeupe zilizochanwa vizuri, mgongo ule ambao sasa ulikuwa umepinda. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayetafuta jina.

"Hapana," alisema. "Simkumbuki."

Natsue alijiziba mdomo. "Baba..."

Mzee akamgeukia, na macho yake yalikuwa makavu, makali, hayana ukungu wowote.

"Andika, Inspekta," alisema. "Andika kwamba simkumbuki kabisa. Ukitaka shahidi, mwulize yeye. Ameshawaambia watu wa mji mzima kwamba nasahau."